Kamba ya Mgomba

Viini vilisimama vyote kwa mpigo mmoja, na Dakta Nakundwa Mshana akajua kuna mtu kaingia nyumbani kwake bila kubisha hodi.

Nyumba yenyewe ilikuwa tone la ute wa mayai ya chura, dogo kuliko punje ya mtama, limelala chini ya hadubini katika maabara ya Magamba, juu huko Lushoto ambako hata jua la mchana halimvui mtu sweta. Ndani ya tone mlikuwa na kromosomu zilizo uchi na vipande vya utando vinavyoelea. Seli ya mwanadamu ikitaka kujigawa, kiini chake huvuliwa ganda. Kazi ikiisha, lazima kivishwe tena, tena upesi, la sivyo seli inakufa. Wengi wetu tunavishwa bila kujua. Lakini wapo waliozaliwa na ugonjwa wa maganda, ambao miili yao inavisha kiini leo na kesho ganda limepasuka, na ni kwa ajili yao Nakundwa aliunda washenga.

Jina alilitoa yeye. Mshenga ni kidude nusu protini nusu kompyuta, hakionekani kwa macho, kazi yake kuvishawishi vipande vya utando vikubali kuungana. Mshenga hajui kiini kizima kinafananaje. Anawajua majirani zake tu. Anamwuliza wa kushoto na wa kulia, mko tayari? Kisha anapeleka mbele alichosikia, na wa mbele naye anapeleka, kama habari ya msiba inavyozunguka kijiji kisicho na kipaza sauti. Wakishasikia kwamba walio tayari wanatosha, wanafunga. Hakuna mkuu kati yao, kwa hiyo hakuna wa kumhonga wala wa kumtisha. Kanuni hiyo ya kuzungumza aliiandika Anaeli Towo, mtu wa kompyuta na mitandao, mwenzake tangu enzi walizokuwa wakiazimana viatu vya kwendea usaili.

Sasa, kazi isiyo na mkuu ina dalili yake: haiendi sawia. Viini hujifunga kama mvua inavyoanza juu ya bati, tone hapa, tone kule, kimya kidogo, kisha huku, kisha kule, mpaka bati zima linaunguruma. Nakundwa alikuwa ameitazama mvua hiyo kwa miaka, na hakuwahi kuichoka. Asubuhi hii ilisimama. Viini vyote vilivyokuwa katikati ya kujifunga viliganda palepale, vikakaa hivyo muda wa mtu kumaliza chai yake, halafu vikaendelea vyote kwa pamoja.

Mvua haisimami hivyo. Kinachosimama hivyo ni bomba, mtu akifunga koki.

Kwanza alijilaumu mwenyewe, kama mtafiti yeyote mwenye adabu. Akaangalia joto la meza. Akaangalia umeme. Akamwuliza mzee Shekalaghe, mlezi wa vyura, kama mayai ya leo yana neno, na mzee akasema vyura wake hawana neno, watu ndio huwa na maneno. Kilichobaki ndani ya tone ambacho si cha kila siku kilikuwa kimoja: punje.

Kila mgonjwa wa maganda alikuwa na punje yake, kichombo kidogo kama chembe ya vumbi, chini ya ngozi karibu na bega. Punje husikiliza washenga wa mwili ule na kupeleka habari kliniki kupitia minara ya simu: huyu anaendelea vizuri, huyu mwiteni. Basi. Haiwezi kuwaambia washenga kitu. Nakundwa alikuwa amelisema hilo mbele ya wakaguzi wa serikali, mbele ya wagonjwa wa kwanza, na mbele ya mama yake mzazi akiwa amemshika bega lenyewe: mama, hiki ni mdomo, si sikio. Leo alitumbukiza punje ndani ya tone kwa sababu mchana wangekuja wageni wa ile kampuni inayotengeneza punje, kutia saini ya ushirikiano, na alitaka wauone mdomo ukifanya kazi.

Akaandaa tone la pili, pacha wa lile, bila punje. Akayaweka matone mawili chini ya hadubini mbili, akavuta stuli katikati, akangoja kama paka kwenye tundu la panya. Mvua ilinyesha huku, ikanyesha kule. Kisha koki ikafungwa tena. Tone lenye punje likasimama. Tone lisilo na punje likaendelea kunyesha, halina habari.

Basi mdomo ulikuwa umetiwa sikio. Na duniani aliyejua kuutia sikio alikuwa mtu mmoja.

Hakukasirika kwanza. Aliona aibu, ile aibu ya mtu anayeambiwa na majirani kwamba alilala mlango wazi. Akachukua simu akampigia mama yake, Bi. Nambike, kule Chome milimani Upareni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona simu ya asubuhi, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nataka kujua umeamkaje."

"Nimeamka salama. Sema nilikuwa hapa napepeta maharage, nikaona kizunguzungu, kama mtu ananivuta kwa nyuma. Nikakaa chini. Kikaisha. Nimeanza tena kupepeta, na sasa hivi kimerudi, maharage yote yako chini. Nadhani ni njaa. Nyie mnaniambia nipunguze chumvi, mtu asiye na chumvi atasimamaje?"

Nakundwa alimwambia akae, asisimame mpaka atakapopiga tena. Akatia simu mfukoni, akatoka kumtafuta Anaeli.

*

Mtu asiye wa kwetu hawezi kuelewa Nakundwa aliumia wapi mpaka aelewe utani.

Yeye ni Mpare na Anaeli ni Mchaga wa Machame, na Wapare na Wachaga ni watani toka enzi za mababu. Mtani wako anaweza kuingia jikoni kwako akafunua chungu. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe, na ukinuna, wewe ndiye mjinga. Kwenye msiba wako ndiye atakayelala kwenye kaburi na kudai hatoki mpaka apewe kitu, na waliokuwa wakilia watacheka huku machozi hayajakauka. Maabara nzima iliendeshwa hivyo. Anaeli alikuwa akisema Mpare huuza ng'ombe watatu ili ashinde kesi ya mbuzi mmoja, na kwamba washenga wana akili kwa sababu kanuni yao kaiandika mtu anayejua kuhesabu. Nakundwa alikuwa akimjibu kwamba Mchaga akianguka mtoni, usimwambie akupe mkono, mwambie ashike wako, maana kutoa hajui. Watafiti wageni walidhani wanachukiana. Waliwahi hata kutumiwa mshauri wa mahusiano kazini, wakamcheka wote wawili.

Miaka miwili nyuma, Bi. Nambike aliugua vibaya. Washenga wake waliacha kufunga, hakuna aliyejua kwa nini, damu yake ikawa nyepesi kama maji ya kuoshea mchele. Madaktari walikwisha kumwambia Nakundwa awaite ndugu. Akakaa kwenye benchi nje ya wodi, ameshika kandambili za mama yake. Anaeli alikuwa hapo, kisha hakuwepo, kisha alikuwepo tena, na alfajiri mama akafumbua macho akaomba uji. Hakuna daktari aliyeweza kueleza. Nakundwa alimshukuru Mungu, na alipomaliza akamshukuru tena.

Wakafanya sherehe ya shukrani Chome. Ukoo mzima ulikuja, makande yalipikwa kwenye sufuria za kuogea mtoto. Ndipo Anaeli, mtani mkuu, alipotokea amevaa koti kichwa chini miguu juu, mkononi ana kamba ya mgomba. Akamfunga Bi. Nambike mkononi, akaushika upande wa pili, akasimama juu ya kinu akahutubia.

"Wapare, nisikilizeni. Huyu bibi si wenu tena. Nimemteka. Nikivuta anakuja, nikilegeza anakwenda. Mnadhani amepona? Hajapona, nimemshika! Na si yeye peke yake, wote wenye dawa hii nimewashika kamba, na ipo siku nitawauza wote kwa pamoja, niende Machame nikajenge ghorofa."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nakundwa alicheka kuliko wote, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Bi. Nambike, kama ilivyo desturi, alijikomboa: akaagiza jogoo wake mwekundu aletwe, akamkabidhi mtani mbele ya mashahidi, na mtani akafungua kamba. Aliyetoa komboleo yuko huru. Hiyo ni sheria ya utani, na haina rufaa hata kwa Mpare.

*

Alimkuta Anaeli ukumbini akipanga viti vya wageni, amevaa suti mpya ya kijivu.

"We Mpare," Anaeli alisema bila kugeuka, "ndiyo umekuja na koti la maabara kwenye sherehe? Au ile suti yako bado iko mahakamani kama kielelezo?"

Nakundwa hakujibu. Kwa watani, kutojibu ni kama kupiga yowe. Anaeli aligeuka.

"Umeitia punje sikio."

Kiti kilichokuwa mkononi mwa Anaeli kikawekwa chini polepole. "Nani kakwambia?"

"Vyura."

Anaeli akaenda akafunga mlango wa ukumbi, akarudi akakaa kwenye kiti cha mgeni rasmi. Hakukana. Nakundwa alikuwa ametumaini kidogo kwamba atakana.

"Usiku ule mama yako anakufa," alisema, "niliangalia habari za punje yake. Washenga wake walikuwa wamegawanyika. Nusu wanasema tayari, nusu wanasema bado, sawa kwa sawa. Kila wakizungumza wanarudi palepale. Ni kosa la kanuni yangu. Pasipo na mkuu, kura zikilingana ndiyo zimelingana, hakuna wa kuamua. Wewe ulikuwa pale kwenye benchi na zile kandambili. Nikaenda kwenye gari nikaandika mlango. Nikapita kwenye punje, nikawa mkuu wao. Nikawaambia fungeni. Wakafunga."

Nakundwa alivuta kiti akakaa. Kwa miaka miwili alikuwa akimshukuru Mungu, na Mungu alikuwa ameketi kwenye gari dogo jeupe, na Jumatatu yake alikuja kazini na kumwomba sukari.

"Kwa hilo ningekubusu miguu," alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniambia niufunge. Nakujua. Ungeninunulia soda, ungelia, halafu ungesema, Anaeli, tuliwaambia watu ni mdomo."

"Umefikaje kwa wagonjwa wengine?"

"Punje zote ni mapacha. Ukifungua moja umezifungua zote. Na mama yako hakuwa peke yake, Nakundwa. Wametokea wengine tangu siku ile, kura zimelingana. Mmoja Songea, dada mmoja Kigoma ana mimba. Naamshwa na simu, nawafungia nikiwa kitandani. Nao wanamshukuru Mungu, na mimi nalala."

"Na hii kampuni?"

Hapo ndipo Anaeli alipoangalia viatu vyake. Wao ndio wanaotengeneza punje, akasema, ilikuwa lazima siku moja wauone mlango. Hawakumshitaki. Walimpongeza. Walimwambia watawapa washenga watoto wote wa nchi hii wenye ugonjwa wa maganda, bure, mradi mlango wakabidhiwe wao. Kwa usalama. Na kwa ajili ya wale wasiotimiza masharti.

"Masharti gani?"

"Kuhudhuria kliniki zao. Kutochanganya dawa na za watu wengine. Mambo ya kawaida."

"Asiyetimiza?"

"Anawekwa kwenye subira. Muda mfupi tu, mpaka atimize."

"Subira," Nakundwa alirudia.

"Ndilo neno lao."

"Na asubuhi hii?"

"Walitaka kuona kama mlango unatii kabla ya kutia saini. Nikawasimamishia washenga mara mbili. Nilijua haimdhuru mtu."

"Mama yangu yuko chini, amezungukwa na maharage."

Anaeli alifumba macho. Ni kweli kwamba alimpenda yule mama. Hata Nakundwa, katika hasira iliyokuwa sasa imefika na kuvua viatu ndani yake, hakuweza kulikana hilo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba nguo ile ndiyo iliyokukinga baridi miaka yote.

"Ungeniambia, Anaeli. Hata baadaye. Hata mara moja."

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Nilikuambia mbele ya ukoo wako mzima. Nilimfunga mama yako kamba, nikapanda kwenye kinu. Nikasema hajapona, nimemshika. Nikasema nimewashika wote, na ipo siku nitawauza. Tafuta neno moja la uongo mle ndani. Nilisimama pale natetemeka, naomba mmoja wenu aniulize, mtani, una maana gani. Mlicheka. Wewe ulicheka kuliko wote."

Nakundwa alikumbuka ncha ya khanga, machozi aliyojifuta, jinsi mbavu zilivyomuuma. Furaha ile alikuwa ameitunza kama watu wanavyotunza picha ya harusi, na sasa ilikuwa imechukuliwa, na aliyeichukua ndiye aliyempa.

"Utani tuliachiwa ili mtu aseme la kweli bila kuuana," alisema mwishowe. "Wewe umeutumia ili la kweli lisisikike. Kunisaliti ungenisaliti kimya kimya kama watu wengine. Kwa nini ukaniita nije nishangilie?"

Anaeli alilegeza tai.

"Ufunge mlango wa punje," Nakundwa alisema.

"Wakifunga mkataba, mlango ni wao. Mpaka hapo unafunguka kwa kiganja changu tu. Lakini sikiliza. Ukizibwa, umezibwa. Punje itasahau kusikia, na hakuna atakayeingia tena, si wao, si mimi, si wewe. Kura zikilingana tena ndani ya mama yako, nani atawaambia washenga fungeni? Ukiziba leo, kuna watu unawaua, na hata majina yao huyajui. Ukiacha, huenda asife hata mmoja. Nani mbaya hapo, mimi au wewe?"

Lilikuwa swali la haki, na Nakundwa alimchukia kwa kuwa lilikuwa la haki.

"Sarafu," alisema.

Anaeli alitikisa kichwa. Sarafu walikuwa wameijaribu zamani, kwenye matone ya ute: kura zikilingana, kila mshenga arushe sarafu yake moyoni na kufuata itakavyoanguka, kisha waulizane tena. Kwa kuwa sarafu haziangukii upande mmoja, mwishowe mizani hulalia mahali, na kazi huendelea bila mkuu. Wangeweza kuituma kanuni hiyo kupitia mlango uleule kabla ya kuuziba, na kuanzia hapo ingeenezwa na washenga wenyewe, jirani kwa jirani.

"Siku nyingine sarafu inaamua kabla hujapepesa macho," Anaeli alisema. "Siku nyingine inachukua kutwa. Mama yako hakuwa na kutwa. Unataka kumtoa mkononi mwa mtu umweke mikononi mwa bahati?"

Nakundwa alitoa simu mfukoni, akaiweka katikati ya viti, sauti wazi.

*

Ilichukua muda kumweleza Bi. Nambike, si kwa sababu hakuelewa, bali kwa sababu alielewa haraka na kuuliza maswali ya mtu aliyezoea mabaraza. Punje inasikia? Tangu lini? Kizunguzungu cha leo ni wao? Wakitaka wanaweza kufanya kirefu zaidi? Ukiziba, ugonjwa ule unaweza kurudi? Na ukirudi?

"Ukirudi, mama, hatutakuwa na la kufanya ila kungoja," Nakundwa alisema. "Sarafu inaweza kuwahi. Inaweza isiwahi."

"Usilie, nasikiliza." Bi. Nambike alikohoa kidogo. "Sasa mtu asije akasema nilitaka kufa. Sitaki. Nina maharage hapa chini, na nina kesi ya mpaka na yule jirani, na nataka nimwone usoni siku anashindwa. Yupo hapo, huyo Mchaga?"

"Nipo, mama," Anaeli alisema.

"Mtani."

"Naam, mama."

"Jogoo wangu mwekundu, ulimla?"

Anaeli alitazama simu. "Nilimla."

"Jogoo mzima?"

"Mpaka kichwa, mama."

"Basi nifungue." Bi. Nambike hakupaza sauti. "Nilijikomboa mbele ya watu. Ulipokea. Ulifungua kamba ile waliyoiona, ukabaki na hii wasiyoiona, na jogoo ukamtafuna. Mimi ni mzee, watani nimewaona wengi, walevi na wezi wamo. Mtani aliyekula komboleo akabaki na mateka sijamwona. Ulipoingia kunisaidia usiku ule, asante, Mungu akulipe. Lakini aliyekuja kuzima moto hahamii kwenye nyumba."

Nje, mbali, gari lilikuwa likipanda kona za Magamba kwa gia ndogo.

"Mama amesema lake," Nakundwa alisema, akimwangalia Anaeli. "Yule wa Kigoma na yule wa Songea sijawauliza, na siwezi kuwauliza wote kabla gari hilo halijafika. Najua wapo watakaonilaani, na watakuwa na haki. Lakini sisi tuliwaambia ni mdomo. Walikubali mdomo. Nawarudishia walichokubali, na kesho naanza kwa wa kwanza, nyumba kwa nyumba, kuwaambia mlichowafanyia na nilichowafanyia."

Anaeli alisimama. Kwa muda ilionekana kama ataenda mlangoni kuwapokea wageni. Badala yake akaenda kwenye meza ya maonyesho, akawasha kompyuta, akaandika kwa muda mrefu huku Nakundwa akisoma kila mstari nyuma ya bega lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja. Kanuni ya sarafu kwanza. Kisha amri ya kuziba. Halafu Anaeli akaweka kiganja chake juu ya kioo, na kiganja kikakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Tayari," alisema.

Nakundwa alikimbilia maabara, simu mkononi. Tone lenye punje lilikuwa likinyesha, hapa, kule, kimya, huku. Aliinama juu ya hadubini mpaka jicho likauma. Kule nje milango ya magari ilifunguliwa na kufungwa, watu wakasalimiana, mtu akacheka. Kama wangemtaka Anaeli awaonyeshe mabosi zao koki inavyofungwa, wakati wenyewe ndio huu. Alingoja. Mvua haikusimama.

"Mama, unasikia kizunguzungu?"

"Sisikii kitu. Nasikia mgongo, naokota maharage."

Aliporudi, Anaeli alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi, tai amelegeza. Wageni walikuwa ngazini. Alikuwa anajua kitakachofuata, kelele, mawakili, labda polisi, na alikuwa ameanza kutafuta pa kusimama. Akafanya alichokuwa akifanya siku zote.

"Wakinifunga," alisema, akijaribu kucheka, "uniletee makande. Na kwa kuwa ni ya Mpare, najua nitayahesabu: punje tatu za mahindi, maharage mawili."

Akangoja. Jibu lilikuwepo, tena zuri. Lilimjia Nakundwa mpaka kwenye ncha ya ulimi, kuhusu Mchaga atakayewauzia wafungwa wenzake makande hayo. Alilimeza. Lilishuka kwa shida, na alijua hatalitapika tena.

Akapitisha mkono kuelekeza ukumbini, kama anavyofanyiwa mtu mzima asiyefahamika.

"Tangulia, Dakta Towo," alisema. "Wageni wako wamefika."

Anaeli alibaki amesimama, anasubiri tusi. Wageni walimpita kushoto na kulia, wakaingia, wakakaa, na yeye bado alikuwa anasubiri.